Kisiagi Kilichoanguka Ijumaa

Chombo kizito kilipotakiwa kuhama hapa Kitale, watu wengi walimpigia simu mjomba wangu. Tangi la kupozea maziwa, jenereta ya kanisa, trekta lililozama kwenye matope kule Saboti, sefu ya chama cha akiba iliyokataa kupita mlangoni: vyote vilipitia kwenye ndoano yake. Alikuwa na lori moja lenye kreni nyuma ya kichwa, la rangi ya manjano iliyofifia mpaka ikawa kama chai yenye maziwa mengi. Alikuwa na vijana wawili wa kufunga mikanda. Na alikuwa na mimi. Mimi nilikuwa ofisi.

Ofisi yenyewe ilikuwa kontena kuukuu lililotobolewa dirisha, karibu na gereji za njia ya Kapenguria. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya biashara upande wa bima, nikatuma maombi ya kazi Nairobi, Eldoret na Kisumu mpaka nikachoka kutoa nakala za vyeti. Mjomba akamwambia mama yangu kwamba haifai nikae nyumbani nikitazama mabati.

"Akuje anisaidie na makaratasi," alisema. "Si ndio alisomea?"

Mimi nimepewa jina la marehemu mama yake, kwa hiyo aliniita mama. Kwetu jina la namna hiyo humfanya mtu mzima akuonee haya kidogo, hata pale unapostahili kugombezwa.

Ni lazima niseme kwamba mimi ni mtu wa kuwaza. Lori lilipotoka asubuhi nilibaki kwenye kontena nikilifuata kichwani: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye. Kila kona nilikuwa nimeshaliangusha. Nikisikia simu inalia nilitazama kwanza jina la anayepiga, kisha niliwaza ni kwa nini apige saa hiyo na si saa nyingine, na kabla sijapokea nilikuwa nimeshapanga maneno ya rambirambi. Mara nyingi alikuwa mjomba akiuliza kama nimekula.

Bima ilikuja kwa njia hiyo ya woga. Kampuni moja ya kuchimba visima ilitaka kumpa mjomba kazi, lakini ikadai kwanza athibitishe kwamba ana bima ya dhima, yaani ile inayolipa pale ambapo wewe mwenyewe umeharibu kitu cha mtu na sheria inasema ulipe. Mjomba alikasirika.

"Si rori iko na bima? Ile stika kwa kioo ni ya nini sasa?"

"Hiyo ni ya barabarani, mjomba. Ni ya ukigonga mtu. Je, ukiangusha tangi ya mtu ukiwa unaiinua?"

"Sijawahi kuangusha."

"Na ukiangusha?"

Aliwaangalia vijana wake waliokuwa wakicheka pale mlangoni.

"Mama," alisema, "wewe ulienda chuo kusomea kuogopa."

Lakini alikubali. Nilimtafuta ajenti, mwanamke mmoja mchangamfu mwenye kiofisi juu ya duka la dawa za mifugo, naye akanipa mkataba wa kawaida. Niliubeba nyumbani nikausoma Jumapili nzima baada ya kanisa. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nilifundishwa darasani nikalisahau: bima ya kawaida ya dhima haigusi kile kitu ambacho kimo mikononi mwako. Kreni ikiuangukia ukuta wa jirani, ukuta utalipwa. Tangi lililokuwa likining'inia kwenye ndoano halitalipwa, kwa sababu wakati ule lilikuwa chini ya ulinzi wako. Na mjomba kazi yake yote ilikuwa ni hicho kitu kinachoning'inia.

Nilirudi kwa ajenti Jumatatu asubuhi kabla hajafungua mlango. Alishangaa, akasema wateja wake wengine wa kreni hawajawahi kuuliza hilo. Alipiga simu kwa wakubwa wake, wakakubali kuongeza kifungu cha mali inayoinuliwa. Nilipotoka pale nilijisikia vizuri kwa namna ambayo sikuwa nimeijua. Kwa mara ya kwanza woga wangu ulikuwa umefanya kazi ya maana.

Miezi ilipita bila jambo. Kisha akaja mzee wa Bungoma.

Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, Mwislamu, mwenye nyumba na duka kwenye kichochoro cha nyuma ya msikiti. Baba yake alikuja Bungoma zamani na biashara ya ngozi, na yeye alizaliwa palepale. Kando ya duka alikuwa na kisiagi kidogo ambacho mke wake ndiye aliyekisimamia. Kisiagi hicho kilikuwa kikiharibika kila mara, wateja wakibeba mahindi yao na kwenda kusagia kwingine. Mzee akasikia kwamba mtu mmoja wa Kitale anafunga biashara ya unga na anauza kisiagi kikubwa, cha chuma kizito cha zamani, kinachosaga gunia ukiwa bado unazungumza na mwenye gunia. Alikuja, akakitazama, akakinunua kwa akiba yote waliyokuwa nayo yeye na mkewe. Kisha akaulizia mtu wa kukibeba, akaelekezwa kwetu.

Tulisafiri Ijumaa. Nilikwenda nao kwa sababu mzee alitaka kusiwe na mabishano ya makabidhiano, na mjomba hapendi kuandika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha upande wa Bungoma, na tulifika tumechelewa kwa sababu ya matengenezo ya barabara. Kichochoro kile ni chembamba, na mfereji wa maji unapita kandoni mwake. Lori lilipoingia likakiziba, na watu walikuwa wameanza kuja msikitini kwa sala ya Ijumaa. Walipita wakijibana ukutani, wameshika kanzu zao zisiguse magurudumu yenye matope. Hakuna aliyelalamika kwa sauti, lakini mzee aliona haya. Alikuwa amevaa tayari, kofia nyeupe na viatu vya kuvua upesi.

"Jamani, fanyeni haraka," alisema. "Watu watapita wapi?"

Sasa, lori la kreni haliinui chochote kabla halijasimamishwa kwa miguu yake ya chuma, ile inayotoka ubavuni na kukanyaga chini. Kila mara mjomba aliweka chini ya miguu hiyo magogo safu mbili, moja ikikatiza nyingine, hata mahali ambapo ardhi ilikuwa kavu kama sakafu. Ilikuwa desturi yake. Vijana walimtania kwamba hata akitaka kukaa kwenye kiti ataomba magogo. Siku ile, na watu wakijibana ukutani, na mzee akitazama saa, aliweka safu moja.

Niliona. Niliwaza nimwambie, kisha nikawaza kwamba yeye ameinua vitu tangu kabla sijazaliwa.

Kisiagi kilipanda vizuri. Kilivuka ukingo wa lori, kikazunguka polepole kuelekea lango la ua. Kisha mguu wa upande wa mfereji ukaanza kuzama, taratibu, kama mtu anayekalia kiti asichokiamini. Mjomba aliona, akajaribu kukirudisha. Kisiagi kiliyumba, kikagonga nguzo ya lango, mkanda mmoja ukateleza, kikaanguka kwenye zege la mfereji.

Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa sufuria kubwa iliyoanguka jikoni mwa mtu mwingine. Hakuna aliyeumia. Lakini chuma cha aina ile hakipindi, huvunjika, na kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni pale mahindi yanapoingilia mpaka chini kwenye miguu.

"Bana," alisema mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa amesimama kutazama, "hiyo sasa ita wale wa skrepa wainunue kwa kilo."

"Nyamaza wewe," mwenzake akamwambia. "Huoni mwenyewe yuko hapa?"

Papo hapo adhana ikaanza. Mzee alikitazama kisiagi chake, akageuka na kuingia msikitini pamoja na wengine. Kichochoro kikabaki kitupu. Tulikuwa sisi, lori lililoinama, na kile kitu kilicholala mferejini. Tulisikia hotuba ikitoka kwenye kipaza sauti, lakini sikushika hata neno moja.

Nilimpigia ajenti.

"Mwambie mjomba wako asiseme kitu," aliniambia. "Asikubali kosa, asiahidi kulipa. Asubiri mkadiria hasara afike. Umenisikia? Asiseme kitu."

Nilimwendea mjomba. Alikuwa amesimama karibu na kisiagi, kofia yake mkononi, kama mtu aliye kwenye mazishi.

"Mjomba, ajenti amesema usiseme kitu."

"Nisiseme nini?"

"Kwamba ni makosa yako. Bima haitaki."

Alinitazama kama nimemwambia avue shati.

"Mama, nimevunja kitu ya mtu kwa mlango yake. Akitoka kuomba Mungu anikute nimenyamaza?"

Na walipotoka, alikwenda moja kwa moja kwa mzee, mbele ya waumini wote waliokuwa wakitafuta viatu vyao. Alisema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mzee, nimekosa. Niliweka mbao kidogo. Nilijua, na niliweka kidogo. Naomba unisamehe."

Mzee alimsogelea. Nilidhani atamtukana, na ninasema kweli, nilitamani amtukane. Badala yake alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimekusamehe," alisema. "Mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Mimi ndiye niliyewaharakisha. Imeshapita."

Wanaume waliozunguka waliitikia kwa sauti za chini, mmoja akampiga mjomba begani. Kisha mzee akatukaribisha ndani, kwa sababu huwezi kumsamehe mtu mlangoni pako ukamwacha aende na njaa. Tuliletewa pilau kwenye sinia moja, mjomba na mzee wakala kwa mkono kutoka upande uleule. Mke wa mzee alileta chakula, akaweka maji ya kunawa, na hakumtazama yeyote kati yetu usoni.

Nilikuwa nikiwaza kuhusu lile neno, kosa, lililotamkwa mbele ya msikiti mzima. Sikujua kwamba neno la kuogopa lilikuwa jingine.

Mkadiria hasara alitoka Eldoret, mtu mpole aliyevaa buti za mpira. Tulikutana naye Bungoma. Alipima ule ufa, akapiga picha alama ya mguu wa kreni ambayo bado ilionekana kando ya mfereji, akaongea na vijana. Tulipokaa kwenye hoteli moja karibu na stendi nilimweleza kila kitu, pamoja na mjomba kukiri. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Nilikuwa na hoja.

"Hilo litazungumzika," alisema. "Kosa linaonekana kwa macho, hata asingekiri. Na kifungu cha mali inayoinuliwa mnacho, mlifanya vizuri sana. Wengi hawana." Alikoroga chai. "Sasa barua ya mwenye mali iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya madai. Bima hii hailipi kisiagi. Inalipa kile ambacho mteja anadaiwa kwa sababu ya kisiagi. Nani anamdai?"

Nilisema kwamba mzee alikuwa amemsamehe.

"Amemsamehe vipi?"

"Mbele ya watu. Baada ya sala."

"Mlikula?"

"Tulikula."

Aliweka kijiko chini. Hakuwa anadhihaki. Alionekana kuchoka, kama mtu ambaye ameona jambo hilo mahali pengine.

"Basi mwombeni amdai," alisema. "Aandike kwamba ameharibiwa mali na kwamba anataka alipwe na mjomba wako. Akiandika, nitaisukuma mimi mwenyewe. Asipoandika, nitawaandikia wakubwa nini? Kwamba kuna hasara lakini hakuna mwenye kuilalamikia?"

Mjomba alikataa kwenda. Tulikuwa kwenye kontena, na alizungumza akiwa amenipa mgongo.

"Niende nimwambie nini? Nikushukuru kwa kunisamehe, sasa nishtaki? Atafikiri nimeingia wazimu."

"Pesa si zako, mjomba. Ni za kampuni. Zimelipiwa."

"Hiyo wewe ndio unaelewa. Enda umweleze."

Nilikwenda peke yangu. Katika safari nzima nilipanga hoja. Kwamba kuna kumsamehe mtu, na kuna kusamehe deni, na ni mambo mawili tofauti. Kwamba madai yangekuwa kama mlango tu wa kupitia. Kwamba mjomba mwenyewe angefurahi kudaiwa. Nilizipanga na kuzipangua mpaka zikaanza kunichanganya mwenyewe.

Mzee alikuwa dukani, ameketi kati ya magunia ya maharagwe. Mke wake alikuwa akipepeta mahindi kwenye ungo pale mlangoni. Kisiagi kilichovunjika kilikuwa uani chini ya turubai, na kile kidogo cha zamani kilikuwa kimya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mjomba hajambo? Mbona hakuja?"

Nilimweleza. Nilimpa barua ambayo ajenti alinisaidia kuiandaa, akavaa miwani akaisoma yote bila haraka, akiisogeza midomo. Alipofika katikati aliweka kidole kwenye mstari.

"Hapa. 'Kwa sababu ya uzembe wa mkandarasi.' Unataka niandike kwamba mjomba wako ni mzembe."

"Ni lugha ya bima tu, mzee. Haina maana nyingine."

"Sasa lugha ikiwa haina maana, ni ya nini?"

"Inafungua njia ya kulipwa. Hakuna atakayemchukia mwingine."

Alivua miwani. "Nilisema maneno mbele ya watu waliokuwa wametoka kuswali. Sikulazimishwa. Sasa nikae hapa dukani niandike kwa siri kwamba namdai? Nikikutana nao kesho niwaambie nini?"

Mke wake aliuacha ungo.

"Waambie kisiagi kimevunjika," alisema. "Hilo wanalijua. Kila siku wanapita hapa na mahindi yao wakienda kule njia panda. Wananisalimia wakiwa wamebeba."

"Mama, mgeni yupo."

"Mgeni ndiye ameleta njia, wewe unaikataa. Wewe umesamehe. Vizuri. Umepata thawabu. Mimi nimepata nini? Mimi ndio nasaga, si wewe. Nani aliniuliza kama nasamehe?"

Mzee alianza kuikunja ile barua, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama bahasha ya dawa.

"Nilimuuliza imamu," aliniambia mimi, si mkewe. "Alisema kudai haki yako si dhambi. Alisema kusamehe kuna daraja kubwa zaidi, lakini ni hiari. Kwa hiyo usifikiri nimefungwa na dini, binti yangu. Hakuna aliyenifunga. Mimi ndiye niliyewaharakisha kwa sababu niliona haya kwa watu, na kisiagi kikaanguka. Nikiandika hii, nitakuwa nimesema kosa lote ni lake. Na nitakuwa nimesema nilichosema pale nje kilikuwa maneno ya kupendeza watu. Siwezi."

Nilijaribu hoja zangu zote. Alinisikiliza kwa adabu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Kila hoja niliyoitoa ilionekana, ikishatoka mdomoni, kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa kichwani.

Nilipoondoka mke wake alinifuata mpaka langoni. Alisema kwa sauti ya chini, "Je, nikiandika mimi?"

Nilisimama. Sikuwa nimewaza hilo, mimi ninayewaza kila kitu. Nilimpigia ajenti palepale, mama yule akiwa amenikaribia kusikia. Ajenti aliuliza stakabadhi ya ununuzi ilikuwa na jina la nani. Niliuliza. Ilikuwa na jina la mzee.

"Lakini pesa zilikuwa zangu pia," alisema yule mama. "Mwambie hivyo."

Nilimwambia. Nilisikia ajenti akivuta pumzi. Alisema anaelewa, tena anaelewa sana, lakini kampuni itamtambua mwenye jina. Yule mama alinitazama usoni nikiwa bado nimeshika simu, na hakuhitaji kuelezwa. Akarudi kwenye ungo wake.

Barua ya kampuni ilikuja baadaye, fupi na ya heshima. Ilisema kwamba kwa kuwa hakuna madai yaliyowasilishwa dhidi ya mteja, faili imefungwa. Ilitutakia kazi njema.

Nilidhani mjomba atapumua. Kisheria alikuwa huru, kuliko wakati wowote. Lakini alidhoofika. Alianza kukataa kazi. Mtu akipiga simu kutoka Kapsokwony, alisema barabara ni mbaya. Akipiga kutoka hapa mjini, alisema lori lina hitilafu. Siku moja alikwenda kushusha jenereta ya shule, akaweka magogo safu mbili, akaongeza ya tatu, kisha akakaa kwenye kiti cha kreni mkono juu ya wenzo bila kuuvuta, mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Alishuka akasema anaumwa tumbo.

"Afadhali angenitukana," aliniambia siku hiyo. "Mtu akikutukana unajua umelipa kidogo."

"Huna deni, mjomba. Hata kampuni imesema."

"Kampuni imesema sina. Mzee amesema sina. Mimi peke yangu ndio nasema niko nayo. Sasa nitaipeleka wapi?"

Nilikuwa nimesoma muhula mzima kuhusu namna hasara inavyohamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa wengi ili isimwangushe yeyote. Hakuna mahali tulipofundishwa kuhusu hasara ambayo kila mtu amekataa kuichukua, na hivyo inabaki imesimama katikati ya watu wazuri.

Aliliuza lori. Hakuniuliza, na nadhani hakumuuliza hata mkewe. Mkandarasi mmoja kutoka Eldoret alikuja akalizunguka, akapiga teke magurudumu, akaondoka nalo siku hiyohiyo. Kwa sehemu ya fedha hizo mjomba alinunua kisiagi kingine, kipya, kidogo kuliko kile kilichoanguka. Alimpigia mzee simu nikiwa pale kwenye kontena.

"Si fidia," nilimsikia akisema. "Hukunidai, mzee, najua. Hii ni kitu tu naleta." Akasikiliza. "Hapana. Na wewe usinikatalie. Ulinipa kitu mbele ya watu, nikapokea. Sasa na wewe pokea."

Mzee akajibu kitu nisichokisikia. Kisha mjomba akasema, "Asante," na kukata simu.

Hatukukipeleka Ijumaa. Mjomba alikodi kreni ya watu wa Webuye, kwa sababu ya kwetu haikuwepo tena. Tulitangulia, tukasubiri kwenye kichochoro. Ardhi ilikuwa kavu. Mzee alitoka na kiti akamwekea mjomba, lakini mjomba hakukaa. Mke wa mzee alikuwa amesimama langoni na leso kiunoni, akikitazama kisiagi kipya kwenye lori kama mtu anayekadiria kuku sokoni.

"Ni kidogo," alisema.

"Ni kidogo, mama," mjomba alikubali.

"Kitasaga?"

"Kitasaga."

Aliitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

Mwendeshaji wa kreni alikuwa kijana wa rika langu mwenye kofia ya plastiki na miwani ya jua. Alitoa miguu ya lori lake, akaweka chini yake vipande vya mbao, safu moja. Nilimwona mjomba akiviangalia. Nilimwona akipiga hatua mbele, mdomo ukifunguka.

"Mzee, songa nyuma," kijana alimwambia mjomba kutoka juu. "Watu wote wasonge nyuma. Hapa ni kazi inafanyika."

Mjomba alisimama. Ilikuwa ardhi kavu, na kisiagi kilikuwa chepesi, na labda safu moja ilitosha. Sijui. Alirudi nyuma pamoja na waendesha bodaboda na watoto, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa msikiti. Alibaki pale, mikono ikining'inia ubavuni, mpaka kisiagi kilipokanyaga chini na ndoano ikapanda tupu.